Metro ya Dubai kwa mgeni wa Deira: kadi ipi, behewa lipi, na mzigo uuache wapi

Anayekwenda Dubai kufuata mzigo mara nyingi hulala Deira, na bahati nzuri Deira ni sehemu ambayo metro imeihudumia vizuri. Laini ziko mbili. Nyekundu inapita uwanja wa ndege, inakatiza mji na kuambaa na barabara ya Sheikh Zayed hadi upande wa Marina na kwingineko. Kijani inazunguka Deira na Bur Dubai, huko kwenye maduka ya jumla. Zinakutana vituo viwili tu, Union na BurJuman. Shika majina hayo na hutapotea. Treni haina dereva, inafika kwa wakati, na ubaridi wa ndani unataka sweta hata kama nje jua linachoma. Kwa mtu na begi lake, ukitazama bei, mjini ni vigumu kupata usafiri unaoishinda. Kwa mwenye marobota, ni hadithi nyingine.

Anza na kadi, maana hapa ndipo wageni wengi wanapoliwa hela. Kadi zinaitwa Nol. Tiketi nyekundu ya karatasi ni dirhamu 2, ila kila safari unalipa 4, 6 au 8.5 kulingana na zoni, yaani maeneo ya nauli, unazovuka. Kadi ya Silver inauzwa dirhamu 25, na ndani yake unakuta salio la 19, kwa hiyo kadi yenyewe imekugharimu 6. Safari zake ni 3, 5 au 7.5. Piga hesabu ya safari fupi: ukisafiri mara nne zote mbili zinalingana, ya tano Silver inaanza kukulipa. Anayekaa siku tatu anunue Silver bila kujiuliza. Tiketi nyekundu ina kasoro nyingine pia: ukiijaza kwa metro, kwenye basi haikusaidii kitu.

Kuongeza salio, nenda kwenye mashine. Dirishani hawapokei chini ya dirhamu 50, na mgeni anayerudi nyumbani kesho hana sababu ya kuziacha pesa hizo kwenye plastiki. Hakikisha salio halishuki chini ya 7.5, la sivyo geti halifunguki hata kama unakwenda kituo cha pili tu. Kuna pasi ya siku nzima ya dirhamu 20. Inalipa kwa anayepiga safari ndefu tatu au zaidi siku hiyo. Kwa mizunguko ya Deira ni hasara.

Kutoka uwanja wa ndege, Terminal 1 na Terminal 3 zina vituo vyake vya laini nyekundu. Panda hadi Union, teremka, fuata alama za kijani na upande treni inayoelekea Creek; kituo kinachofuata ni Baniyas Square, katikati ya hoteli za wafanyabiashara. Njia yote imo ndani ya zoni moja, yaani dirhamu 3 kwa Silver. Teksi ya uwanjani inaanza kusoma 25 kabla tairi halijazunguka. Lakini angalia tiketi yako ya ndege: Terminal 2, wanakoshukia abiria wengi wa ndege za bei nafuu, haina kituo cha metro. Na ukitua baada ya saa sita usiku, kwa kawaida milango imefungwa hadi saa 11 alfajiri. Jumapili ndiyo inayowaponza watu, kwa sababu treni zinaanza saa 2 asubuhi. Mwenye ndege ya asubuhi siku hiyo apange teksi tangu jana yake.

Ndani ya treni, tazama sakafu kabla ya kutafuta kiti. Mstari wa pinki unaonyesha sehemu ya wanawake na watoto, na mwanamume akiuvuka, faini ni dirhamu 100. Kuna pia behewa la Gold, la nauli ya juu, lenye viti vipana na nafasi tele. Mgeni anaona pako wazi anaingia, mkaguzi anakuja na mashine yake, 100 nyingine. Kula, kunywa, hata maji ya chupa, ni 100. Kusafiri bila kulipa ni 200. Wakaguzi hawasikilizi "sikujua".

Majina ya vituo ni kero ya kweli. Hubadilika, na baadhi yanauzwa kwa makampuni: Rashidiya ikawa Centrepoint, Palm Deira ikawa Gold Souq, Al Fahidi ikawa Sharaf DG. Mwenyeji anayekuelekeza huenda akatumia jina la zamani, na ramani iliyochapishwa miaka michache nyuma itakuchanganya tu. Muulize jina la sasa.

Kuvuka Khor, yaani mkono wa bahari unaotenganisha Deira na Bur Dubai, usitumie metro kama uko karibu na maji. Kutoka Al Ras hadi Al Ghubaiba treni inapita chini ya maji na unavuka zoni, kwa hiyo ni dirhamu 5. Abra, ile boti ya mbao, ni dirhamu 1 taslimu, inaondoka ikijaa, na upepo ni bure.

Ukiendelea kwa basi, gusisha kadi unapopanda na unaposhuka pia, kwani wanaosahau kugusisha wakati wa kushuka ndio wanaolia salio limeyeyuka. Ukipanda basi ndani ya nusu saa baada ya kutoka metro, mfumo unaihesabu kuwa safari moja.

Sasa mzigo. Unaruhusiwa begi moja kubwa, lisilozidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, na dogo moja la 55 kwa 38 kwa 20. Robota la nguo au boksi la vipuri havipiti. Nunua, mwachie muuza duka apeleke kwa wakala wako wa kago, wewe urudi mikono mitupu na treni. Dragon Mart, lile soko kubwa la bidhaa za China, haina metro kabisa, ni basi au teksi. Laini ya bluu inayojengwa, iliyopangwa kufunguliwa 2029, ndiyo itakayofika International City, eneo ilipo Dragon Mart. Na ukitoka kituoni upande usiotaka, rudi ndani upite daraja la waenda kwa miguu. Kukatiza barabara pasipo na kivuko ni faini ya dirhamu 400, nauli ya Baniyas Square na uwanja wa ndege mara 133.