Penthausi ya ghorofa ya 8: miezi 14 ya kuishi chini ya paa

Tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe ambaye magoti hayampi raha. Kabla ya hapa tulibanana kwenye vyumba viwili katikati ya jiji, wasichana wakilala na bibi yao na mvulana akitandikiwa sebuleni kila usiku. Kwa hiyo dalali alipofungua mlango wa nyumba hii, nikaona korido ambayo mtoto anaweza kukimbia, moyo ulikubali kabla sijafika jikoni. Naandika kwa mwenye familia anayewaza kupanga penthausi, yaani nyumba ya ghorofa ya juu kabisa, kwenye mji unaokua pembezoni mwa jiji, kwa kuwa maswali niliyotakiwa kuuliza siku ile sikuyauliza, na majibu yake nimeyapata baada ya kuhamia.

Nafasi ni ya kweli, nalisema hilo mapema. Vyumba vinne vya kulala, viwili vina bafu ndani, sebule inayomeza meza ya watu wanane na bado watoto wakapata pa kuchezea, stoo, na roshani ya wazi inayozunguka pande mbili za nyumba. Tangazo lilisema mita za mraba 250. Wiki ya kwanza mume wangu alichukua futikamba akapima chumba hadi chumba: ndani ni 188, zilizobaki ni roshani. Hakuna aliyetudanganya kwa maandishi, walijumlisha tu. Lakini kodi tulikuwa tumeilinganisha na nyumba nyingine zilizotaja eneo la ndani peke yake, na hesabu yetu yote ilikuwa imepinda. Pima mwenyewe, na ulize roshani imo au haimo.

Sasa maji, ambayo yalitutesa kuliko kitu kingine chochote.

Tangi la jengo liko juu ya paa. Nilidhani walio karibu na tangi ndio wanaofaidi, kumbe ni kinyume. Maji yanayoshuka yenyewe hupata nguvu kutokana na kimo: kila mita 10 za kushuka huongeza presha inayokaribia presha ya hewa inayotuzunguka. Kutoka kwenye tangi hadi bomba letu la mvua bafuni ni kama mita 3. Jirani wa chini kabisa ana mita 27. Yeye akifungua bomba, maji yanaruka. Sisi tulioga kwa maji yanayodondoka, na hita ya bafuni ilikuwa ikizimika yenyewe kila mara kwa sababu haiwaki mpaka maji yapite kwa kasi fulani. Miezi mitatu mama mkwe alioga kwa ndoo, ndani ya nyumba yenye mabafu matatu, nami nilikuwa naona uchungu kila nikimpelekea ile ndoo.

Dawa yake ni pampu ndogo ya kuongeza presha, inayofungwa kwenye bomba linaloingia kwenye nyumba. Fundi aliifunga kwa asubuhi moja. Kilichochukua miezi mitatu ni mabishano ya nani anunue. Mkataba wetu ulikuwa kimya juu ya hilo, na mwenye nyumba alishika ukimya huo mpaka tukakubaliana kugawana gharama. Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba ya juu kabisa, nenda alfajiri au jioni, wakati jengo zima linaoga. Fungua mabomba mawili kwa pamoja, kisha vuta maji chooni. Sisi tulikwenda saa tano asubuhi, watu wote wako kazini, na bomba likatupa maji mazuri kidogo yaliyotuficha ukweli.

Joto nalo lina siri yake. Paa letu ni zege tupu. Zege linapigwa na jua mchana kutwa, linalihifadhi joto, kisha linaliachia taratibu kuelekea chini baada ya jua kuzama. Ndiyo maana saa tatu usiku, nje kumeshapoa na kuna upepo, chumba cha wasichana bado kinafukuta. Kiyoyozi kilikuwa kinahangaika mpaka usiku wa manane. Mapazia mazito yalisaidia sebuleni, upande wa magharibi wenye vioo vikubwa, lakini kwenye dari pazia halina kazi. Mwezi wa sita msimamizi wa jengo alikubali paa lipakwe rangi nyeupe inayorudisha mwanga wa jua, na tofauti tuliisikia wiki hiyo hiyo: ukiweka kiganja kwenye dari jioni, hakichomi tena. Ukikagua nyumba kama hii, gusa dari baada ya jua kuzama. Ni kipimo cha bure.

Lifti ipo moja. Inapofanya kazi, maisha ni mepesi, na sehemu kubwa ya mwaka imefanya kazi. Ila imesimama mara nne tangu tuhamie, mara moja kwa siku tano mfululizo. Ngazi zetu ni 144. Watoto wamezihesabu kwa sauti mara nyingi. Kwa siku hizo tano mama mkwe hakutoka ndani, na miadi yake ya kliniki ikabidi isogezwe. Hapo ndipo nilipojua kwamba jenereta la jengo linawasha taa za korido na pampu ya kupandisha maji, lakini lifti haijaunganishwa nalo. Mtu mwenye mzee, mgonjwa au mtoto wa kubebwa aulize jambo hilo kwa jina lake: umeme ukikatika, lifti inatembea? Kisha apime mlango wa lifti. Wetu una sentimita 80, na kabati letu la nguo lilipanda kwa ngazi mabegani mwa vijana wanne, likafika juu na mguu mmoja umevunjika.

Mvua kubwa ya kwanza iliingia sebuleni. Roshani yote inamwaga maji kwenye tundu moja, na tundu lilikuwa limezibwa na majani pamoja na soksi ya mtoto iliyopeperushwa kutoka kwenye kamba. Kizingiti cha mlango wa kioo kina kimo cha vidole viwili tu, maji yakakivuka kama hakipo. Tangu siku hiyo kukagua tundu ni kazi ya mwanangu wa miaka 11 kila Jumamosi, na anaifanya kwa bidii kuliko kazi zote za nyumbani. Kule kwenye dari ya stoo kuna doa la unyevu ambalo bado linakua polepole. Mkataba mpya unasema wazi kwamba uvujaji wa paa ni jukumu la mwenye nyumba, na una siku za mwisho za kutengeneza. Wa kwanza haukuwa na neno hata moja.

Pamoja na hayo yote, napenda kuishi hapa, na sababu ni roshani. Vyuma vyake vina kimo cha sentimita 110, na nafasi kati ya chuma na chuma ni ndogo kuliko ngumi yangu, hivyo kichwa cha mtoto hakipiti. Hilo nililipima kabla ya kusaini, na nashukuru nililikumbuka. Sharti letu moja ni kwamba hakuna kiti wala chungu cha maua karibu na ukingo, maana mtoto akipata cha kukanyagia, kimo cha vyuma hakina maana tena. Binti wa mwisho amejifunzia baiskeli hapo. Nguo zinakauka kabla ya adhuhuri. Mama mkwe, ambaye kule mjini alikuwa anashinda anatazama ukuta wa jirani, sasa anakaa kivulini upande wa mashariki, na jioni ananisimulia magari yaliyopita na nani amejenga wapi.

Na wanajenga kweli. Mji huu unapanda kila mwezi: vumbi linatua mezani dakika chache baada ya kufuta, barabara ya kwenda jijini inajaa kabla jua halijachomoza, na shule nzuri iliyo karibu imeshajaza madarasa. Kiwanja cha upande wa mashariki kilikuwa nyasi tulipohamia. Sasa kina winchi na kimefika ghorofa ya 5. Nilimuuliza msimamizi wa ujenzi pale getini wataishia ya ngapi, akasema ya 10.

Tumesaini mwaka mwingine. Kiti cha mama mkwe tumeanza kukizoeza upande wa kusini.