Baiskeli ya kwanza ya maana: ipi ununue Dar, ipi uachane nayo

Tuseme unakaa Kimara au Tegeta, kazi iko mjini, foleni imekuchosha, na siku za mapumziko unatamani kufika Bagamoyo, zaidi ya kilomita 60 kutoka Posta. Baiskeli moja inabidi ifanye yote mawili. Hapa nimezipanga kuanzia ile ambayo ningemnunulia mdogo wangu hadi ile ambayo hata ya bure ningesita kuichukua. Kigezo changu kikubwa: ikikuharibikia Bunju jioni, spea inapatikana na fundi anaijua?

Namba moja ni mtumba wa "mountain bike" ya miaka ya 1990, isiyo na shokapu. Najua nitabishiwa. Tafuta fremu yenye stika ya Cro-Mo au 4130: hicho ni chuma chepesi na kigumu. Ringi zake ni inchi 26, kwa hiyo tairi na tyubu utazipata Kariakoo na hata kwenye duka la spea la kijijini. Chuma kikipasuka, fundi makini wa kulehemu anaweza kukiunga; alumini ikipasuka pale foko inapoingia kwenye fremu, imekwisha hiyo. Ukishanunua, ng'oa tairi za meno ufunge laini za upana wa inchi 1.5 hadi 1.75, uzijaze upepo sawasawa. Kwenye lami utadhani umebadilishiwa baiskeli. Gia zake ndogo zitakufaa siku utakayoamua kupanda Pugu kwenda Kisarawe.

Ya pili ni hybrid ya mtumba, yaani mchanganyiko wa baiskeli ya mbio na mountain bike, zile za ringi kubwa na foko ngumu zinazotoka Ulaya na Japani. Kwenye safari ndefu inakwenda vizuri kuliko namba moja, na nyingi zina matundu ya skrubu ya kufungia keria na madigadi, jambo ambalo masika ikianza utalishukuru. Imeshuka nafasi kwa sababu ya tairi. Mwenye duka atakwambia "inchi 28 ni 28 tu". Siyo kweli. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi: hybrid ni 622, Phoenix ya kawaida ni 635. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapokalia ringi, na tofauti ya 13 inatosha kukurudisha nyumbani kwa bajaji. Yenye 622 tembea na tyubu ya akiba kila siku. Angalia pia vali: ikiwa ile nyembamba, pampu nyingi za mtaani hazitaishika, kwa hiyo nunua adapta kabisa.

Ya tatu ni mpya ya kampuni inayojulikana, kama Giant au Trek, kwa mwenye uwezo na asiye na mtu wa kumkagulia mtumba. Unapata saizi yako na garantii. Ila usitekwe na neno Shimano, kampuni ya Kijapani ya vipuri vya baiskeli. Mara nyingi limeandikwa kwenye kibadilisha gia cha nyuma tu, vingine vyote ni vya kubahatisha.

Baiskeli ya mbio nimeiweka ya nne. Ni tamu, lakini tairi za milimita 23 na mchanga wa pembezoni mwa barabara zetu havipatani. Hiyo iwe ya pili kununua. Phoenix inafuata: imara, nzito, haina gia, na kwa kubeba mzigo haina mpinzani. Wauza mkaa hawajakosea. Wewe unayetaka kufika ofisini shati likiwa kavu utaichukia.

Ya mwisho kabisa ni ile mpya inayong'aa, shokapu mbele na nyuma, bei ya kuvutia. Shokapu za bei hiyo zinaongeza uzito na kula nguvu kila unapokanyaga, na zikilegea hazina spea. Mpigie mtoto wa jirani picha nayo, upite.

Sasa ukaguzi, maana mtumba mzuri na mbovu hupakwa rangi ileile. Kabla ya bei, mwambie muuzaji alegeze bolti ya siti na azungushe nguzo yake. Chuma na alumini vikikaa pamoja kwenye chumvi ya baharini hushikana, na nguzo iliyoganda maana yake hutawahi kupata urefu wako. Isipozunguka, ondoka. Halafu nyanyua gurudumu, lizungushe, utazame nafasi kati ya ringi na breki: ikicheza kidogo, spoku zitakazwa, ikiruka juu na chini, ringi imepigwa. Shika mkono wa pedeli uutikise kushoto na kulia kusikia kama gololi zimekwisha. Cheni ipime kwa rula: hesabu pini 24 kutoka ile ya mwanzo, ziwe inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16, weka cheni mpya. Ikizidi kwa 1/8, jiandae kubadilisha na gia za nyuma, na hilo lishushe bei.

Saizi: kaa kwenye siti, kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Ukishuka na kusimama, bomba la juu la fremu likiwa katikati ya miguu, libaki na nafasi chini ya mapaja. Fremu kubwa mno haina dawa.

Usimalize hela zote kwenye baiskeli. Bakiza za tairi, waya za breki, kufuli la maana, kofia ngumu na taa ya nyuma. Na risiti iandikwe namba ya fremu, ambayo kwa kawaida imegongwa chini, pale mikono ya pedeli inapopita.