Dizaina aliyemwambia mama yangu "huo mkeka utoke, unaharibu picha"

Jamani hili jambo nimekaa nalo moyoni muda, leo ngoja nilitoe, maana najua kuna mtu saivi anapitia Insta anatafuta dizaina wa nyumba kama nilivyopitia mimi. Nyumba yetu ipo Kigamboni, tulihamia bado haijakaa sawa, nikataka sebule na jiko vipangwe na mtu anayejua kazi. Nikampata dada mmoja, jina simtaji, picha zake zinavutia hatari, tukakubaliana milioni 9 na kitu, nusu mbele.

Siku ya kupima kaja na kijana wake na ile mashine ya taa nyekundu. Mama yangu alikua kakaa sebuleni kwenye mkeka wake anachambua mchele. Ule mkeka kausuka mwenyewe na kuushona mwenyewe, ukindu wa kwao Pangani, zambarau na kijani, enzi hizo macho bado mazima. Ukiuangalia pembeni kuna sehemu uzi unabadilika, mweupe ulimwishia akamalizia na wa bluu. Sasa huyo dada kaingia, shikamoo hakuna. Mama ana miaka 70 na kitu, yeye hata 30 sidhani kama kafika! Kasema "hai" ya jumla halafu "bibi sogea kidogo tupime hapo". Mama akasogea. Nikanyamaza, nikasema labda ana haraka. Kaangalia chini, kaangalia kabati la vyombo ukutani, kanigeukia mimi kama vile mama hayupo pale, "hivi vya kizamani vyote vitoke, huo mkeka na hilo kabati, vinaharibu picha".

Mama hakujibu kitu. Kaweka ungo pembeni, kakunja mkeka, kaukung'uta mlangoni taratibu, kaenda kukaa barazani. Mi nimesimama pale nina kalamu mkononi na mkataba upo mezani, na nikasaini. Hapo ndo panaponiuma mpaka leo, nilisaini mama yangu akiwa nje kwenye jua la saa nane.

Kazi yenyewe nikisema mbaya nitakua muongo. Makochi kayatoa dirishani kayageuza, upepo wa bahari saivi unapita moja kwa moja mpaka jikoni, mchana hatuwashi feni kabisa. Taa kazipanga vizuri, mapazia mazuri, wageni wanasifia. Kwa macho tu ningempa nyota nne. Jikoni kidogo kaniangusha, mi niliomba mbao yeye akaweka MDF akasema ndo ya kisasa, masika ilivyokolea na bomba la sinki likawa linadondosha kidogo, mlango wa chini ukavimba kama andazi, haufungi. MDF ni nyuzi laini za mbao zimegandamizwa na gundi, zikishanyonya maji ndo basi. Nikampigia kanambia hilo ni la fundi bomba. Sawa, hilo nalisamehe, bomba kweli lilikua linavuja.

La mama silisamehi.

Na lile kabati alilolidharau ni mninga, baba alilitengenezesha Keko kipindi anamuoa mama. Yule dada akawaamuru vijana wake walipeleke stoo. Kuna fundi seremala mmoja kati yao, naye wa huko huko Keko, kabla hajaligusa akaenda barazani, "shikamoo mama, hili kabati ni lako?" Akaligonga kwa vidole, akapitisha kiganja kwenye ubao wa juu, akasema "mama hii mninga tupu, ubao wa upana huu kuupata saivi ni kazi". Mama alicheka, siku ile ndo mara ya kwanza namwona anacheka tangu hiyo kazi ianze. Jumapili yule kaka karudi na zana zake, kabadilisha bawaba, kalipiga msasa na vanishi, mi nikamlipa pembeni. Lipo koridoni linang'aa. Yeye nyota tano, na kama kuna sita apewe.

Kwa hiyo ukitafuta dizaina usiishie kwenye picha. Omba akupeleke nyumba aliyoifanya ambayo watu wameshaishi masika mbili tatu, ufungue kabati la chini ya sinki uone. Muulize kama kasajiliwa, ile bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, AQRB, inasajili na hawa wa ndani, mi nilikuja kujua nimeshalipa. Na siku ya kwanza anakuja hakikisha wazee wako wapo sebuleni, angalia anavyoingia, angalia anauliza nani anakaa wapi au anauliza rangi tu.

Nilitaka kuandika msimtumie kabisa. Halafu nikakumbuka shoga yangu kamtumia na kafurahi, anaishi mwenyewe, hana shida naye. Basi kama unaishi mwenyewe mtumie tu. Hapana, nafuta hiyo, hata ukiishi mwenyewe mama yako si atakuja kukutembelea? Usimtumie.

Alivyomaliza kaja na mpiga picha, akatuomba wote tutoke sebuleni. Wamepiga kama picha mia, hamna hata moja yenye mtu. Na juzi usiku natoka chumbani namkuta mama kasimama mlangoni pa sebule, mkeka kwapani, ananiuliza kwa sauti ya chini, "mwanangu, nikae humu au kuna watu wa picha?"

Nimeuchukua nikautandika mwenyewe, katikati, juu ya lile zulia la laki nne.