Faili moja ya siri, au cheti kwa kila seva?

Seva zetu za MongoDB (programu ya hifadhidata) ziko Kisumu na Nakuru, na kwa muda mrefu zilitambuana kwa faili moja ya siri. Ni rahisi: herufi 6 hadi 1024, nakala ileile kila mashine. Lakini ikivuja Kisumu, mlango wa Nakuru nao u wazi.

Mimi nachagua vyeti vya X.509, yaani vitambulisho vya kidijitali. Kila seva ina chake. Kikiibwa, unabatilisha hicho tu. Shida ni tarehe ya kuisha. Zangu nimezibandika ukutani, juu ya meza.

Kuhama kutoka faili kwenda vyeti hakuhitaji kuzima klasta (kundi la seva) nzima. Kwenye mpangilio wa clusterAuthMode, weka sendKeyFile (seva hutuma faili) kwenye seva zote, kisha sendX509 (hutuma cheti), mwisho x509 (cheti pekee). Hatua mbili za kwanza hupokea njia zote mbili, kwa hiyo usiruke hata moja: seva iliyobaki nyuma itakataliwa na wenzake.