Ekzosi imechomewa safi sana, tatizo haitoki tena

Wakuu, kama wiki hii unapeleka gari kwa mafundi wa Gerezani, Dar, kuunga ekzosi (bomba la moshi) soma hii kwanza. Nina Hilux ya dizeli, gia za mkono, ekzosi ilioza kwenye flenji ya kati (pale vipande viwili vya bomba vinapofungwa pamoja kwa bolti) ikawa inavujisha moshi na kelele mpaka majirani wananuna nikitoka alfajiri. Nikaenda kwa mafundi fulani pale, jina siwataji.

Kuchomelea wanajua, nisiwanyime haki yao. Jamaa alichomoa waya wa betri kabla hajawasha mashine, kitu ambacho wengi hawafanyi na ndio wanaunguza kontrolboksi (kompyuta ya gari) za watu, mshono umejaa vizuri, saa moja na nusu nimeshaondoka, elfu tisini, gari kimyaaa. Akaniambia "bosi flenji nimeitoa kabisa, bolti zimeliwa na kutu, nimeunga moja kwa moja, hapa haivuji tena". Nikashukuru nikalipa.

Miezi mitano mbele klachi ikaanza kuteleza. Sasa kushusha giaboksi lazima bomba la mbele litoke njiani, kawaida unafungua bolti za mbele, unafungua flenji ya kati, unaliweka pembeni basi. Langu lilikuwa kipande kimoja toka mbele mpaka mkiani, na kule nyuma bomba linapanda juu ya difu (ekseli ya magurudumu ya nyuma) halafu linashuka, kwa hiyo ulivute mbele limenasa, ulivute nyuma limenasa. Ama ushushe difu nzima ama ukate. Tukakata na grenda, mshono ule ule nilioulipia, iliniuma sana aisee. Na nilikuwa na mpango wa kubadili mafla ya kati (kile kidumu cha kupunguza kelele), nayo isingetoka bila kukata.

Kutu nakubali ni shida kweli, huu upepo wetu wa chumvi unakula chuma, na moshi wenyewe una mvuke wa maji, ukiwa mtu wa safari fupi fupi bomba halipati moto wa kutosha kukauka linaoza kuanzia ndani. Lakini dawa yake ni flenji mpya, nati za brasi na grisi ya kopa kwenye nyuzi. Kuiondoa flenji ni kumfungia kazi fundi atakayekuja baada yako, na angalau angeniuliza kabla.

Fundi wa klachi, yuko Tabata, ndiye aliyeniwekea flenji mbili, moja kabla ya difu na nyingine baada yake, kipande cha juu ya difu kinatoka peke yake. Elfu sitini nyingine hiyo. Wale wa Gerezani mshono nawapa tisa kwa kumi, kufikiria gari la mteja kesho na keshokutwa nawapa tatu. Ukienda kwao sema mapema kabla hawajashika grenda: flenji ibaki.