Kifurushi cha Afya ya Mwanamke: Kizazi Kimo, Moyo Haumo

Hospitali binafsi nyingi za Dar es Salaam siku hizi zinauza uchunguzi wa afya kama kampuni za simu zinavyouza dakika: mteja anachagua kifurushi, analipa kaunta, anapimwa asubuhi hiyohiyo na kuondoka na majibu ndani ya bahasha. Ninachokitathmini hapa ni kifurushi cha wanawake wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, kinachotolewa na hospitali ya ukubwa wa kati iliyopo upande wa Kinondoni. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu nimesoma vipeperushi vya hospitali nyingine kadhaa na kasoro ninayoieleza nimeikuta humo pia. Bei ni shilingi 250,000, sawasawa na ya kifurushi cha wanaume.

Huduma yenyewe, kwa maana ya namna mgonjwa anavyopokelewa, ni nzuri. Mapokezi hawachelewi, vyoo ni safi, maji ya kunywa yapo, na nesi aliyenihudumia alibisha hodi kabla ya kuingia kila chumba nilichokuwa nimevua nguo. Kipimo cha mlango wa kizazi, ambacho wanawake wengi hukikwepa kwa hofu ya maumivu na aibu, alikifanya kwa upole, akinieleza kila hatua kabla ya kunigusa. Mtaalamu wa ultrasaundi naye aliigeuza skrini nikaona anachokiona. Kwa upande huo sina manung'uniko.

Manung'uniko yangu yanaanzia kwenye kipeperushi. Safu ya wanawake ina ultrasaundi ya kizazi, ultrasaundi ya matiti, kipimo cha mlango wa kizazi, homoni, mkojo na sukari. Safu ya wanaume ina kipimo cha umeme wa moyo, lehemu (mafuta kwenye damu), figo, ini, sukari na tezi dume. Ukiisoma mistari hiyo kwa utulivu unaona kwamba mwanamume amehesabiwa kuwa mtu mwenye viungo vingi, na tezi dume ni kimojawapo, ilhali mwanamke ni kizazi na matiti, na vilivyobaki havikupewa nafasi. Hayo yanafanyika wakati magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kuua wanawake duniani, yakisababisha takribani theluthi moja ya vifo vyao vyote. Nilipomwomba binti wa mapokezi aniandikishe kifurushi cha wanaume, nikiwa tayari kuiacha hiyo tezi dume, alijaribu kwa nia njema kabisa, lakini mfumo ulikataa kwa sababu kwenye sehemu ya jinsi nimeandikwa KE.

Fomu ya historia ya mgonjwa inastahili kutazamwa kwa karibu. Inauliza jina la mume, idadi ya mimba, zilizoharibika, watoto walio hai, tarehe ya hedhi ya mwisho na njia ya uzazi wa mpango. Haiulizi kama presha iliwahi kupanda wakati wa ujauzito, ingawa inajulikana kwamba mwanamke aliyepata presha ya mimba iliyofikia kiwango cha kuelekea kwenye kifafa cha mimba ana uwezekano wa takribani mara mbili wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi miaka ya baadaye. Kwa maneno mengine, hata katika uzazi wenyewe, fomu imeuliza kila jambo isipokuwa lile ambalo lingemfikisha daktari kwenye moyo. Mimi nilikuwa nalo jibu la swali hilo, ila halikuwa na kisanduku.

Nilipoingia kwa daktari nilimweleza kwamba nikipanda ngazi za ofisini napumua kwa shida, na kwamba usiku mwingine naamshwa na mbano unaotoka mgongoni juu hadi kwenye taya. Aliuliza kama hedhi imeanza kubadilika na kama nyumbani kuna amani. Nesi alikuwa amekwisha kuandika presha ya 156 kwa 94 kwenye ukurasa wa kwanza, kwa hiyo nikauliza, "Daktari, na hii presha?" Akatabasamu. "Ya foleni hiyo, mama. Umri huu mwili unabadilika, punguza mawazo." Akaniandikia vidonge vya usingizi. Ukutani nyuma ya kiti chake palikuwa na bango la dalili za shambulio la moyo, lenye picha ya mwanamume mwenye tai ameshika kifua. Ni kweli kwamba maumivu ya kifua ndiyo dalili ya kawaida kwa jinsi zote mbili, lakini kwa wanawake mara nyingi huandamana na kukosa pumzi, kichefuchefu, uchovu usio na sababu, maumivu ya mgongo au ya taya, na mambo hayo bango halikuyataja.

Si haki kumbebesha lawama zote daktari mmoja kijana, kwa kuwa alichofundishwa kina historia yake. Mwaka 1977, baada ya msiba wa dawa ya thalidomide uliowaacha maelfu ya watoto wakizaliwa na ulemavu wa viungo, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilielekeza kwamba wanawake wanaoweza kushika mimba wasishirikishwe katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Katazo hilo liliwagusa hata waliokuwa wakitumia uzazi wa mpango na ambao hawakuwa na mwenza. Mwelekeo huo haukuondolewa hadi mwaka 1993, mwaka ambao pia sheria iliagiza wanawake wajumuishwe katika tafiti zinazofadhiliwa na serikali ya nchi hiyo. Katikati ya hapo, mwaka 1989, yalitoka matokeo ya utafiti mashuhuri wa aspirini na moyo, uliofanywa kwa madaktari 22,071, wote wanaume. Utafiti mkubwa wa namna hiyo kwa wanawake ulitoa majibu mwaka 2005, na majibu hayakufanana: kwa wanawake wale kwa ujumla, aspirini ilipunguza kiharusi lakini haikupunguza mashambulio ya moyo kwa kiwango cha maana. Hivyo kizazi kilekile kilichomtoa mwanamke kwenye utafiti ndicho kinachomwingiza hospitali, na pande zote mbili moyo wake umeachwa nje.

Asiyeona uhusiano wa mambo ya Marekani na ya kwetu akumbuke dawa ya dolutegravir. Mwaka 2018, takwimu za mwanzo kutoka Botswana zilionyesha watoto 4 wenye kasoro za uti wa mgongo au ubongo kati ya wanawake 426 waliokuwa wakiitumia dawa hiyo ya VVU tangu kabla ya kushika mimba, na katika nchi kadhaa za Afrika wanawake wa umri wa kuzaa wakawekewa vizuizi vya kuipata dawa iliyokuwa bora kuliko ya zamani. Takwimu zilipoongezeka hatari ilionekana kuwa ndogo sana, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watu wote. Kama wajawazito wangefuatiliwa mapema, wasiwasi ule usingelazimika kusubiri majibu yake wakati dawa ikiwa tayari mikononi mwa watu.

Nyota moja kamili katika tathmini hii ninampa mfamasia wa hospitali hiyo. Alikisoma cheti changu, akanitazama, akakisoma tena, kisha akasema, "Mama, naomba ukae kidogo, nampigia daktari." Dawa iliyoandikwa ilikuwa zolpidem ya miligramu 10. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1992, na mwaka 2013 ndipo mamlaka ya huko ilipoagiza kipimo kinachopendekezwa kwa wanawake kipunguzwe kwa nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili yao huiondoa polepole zaidi na asubuhi inaweza kubaki damuni kwa kiwango cha kuhatarisha uendeshaji wa gari. Kwa mtu anayeingia Barabara ya Bagamoyo saa 12 asubuhi, hilo si jambo dogo. Simu ilipokatwa, 10 ilifutwa ikaandikwa 5, bila maelezo wala mabishano.

Hata hivyo sikuvimeza vidonge hivyo. Nilirudi kaunta nikalipia kipimo cha umeme wa moyo na lehemu nje ya kifurushi, na karatasi ikaonyesha dalili kwamba misuli ya upande wa kushoto wa moyo imeanza kunenepa, hali inayotokea presha ikikaa juu kwa muda mrefu. Nikapewa rufaa. Daktari wa moyo niliyemwona baadaye, mahali pengine, aliuliza habari za mimba zangu kabla hata sijakaa vizuri. Aliponianzishia amlodipini, dawa ya kushusha presha, alinitahadharisha kuhusu kuvimba miguu, jambo ambalo katika majaribio ya dawa hiyo liliwapata wanawake asilimia 14.6 na wanaume asilimia 5.6. Tahadhari hiyo iliwezekana kwa sababu waliofanya majaribio waliwaweka wanawake ndani na pia wakawahesabu peke yao, maana utafiti unaochanganya jinsi zote katika jumla moja ungeificha tofauti hiyo.

Kwa vipimo vya kizazi na matiti, na kwa mfamasia, ninaipa hospitali hii nyota 3 kati ya 5. Kwa kifurushi chenyewe kama uchunguzi wa afya ya mwanamke wa miaka 40 na zaidi, ninatoa 2. Nimewaandikia uongozi nikishauri waongeze umeme wa moyo na lehemu hata kama watalazimika kuondoa homoni, ambazo kwa mwanamke asiye na dalili zinazohusiana nazo hazimsaidii sana, na nikapendekeza swali moja la presha ya ujauzito liongezwe kwenye fomu. Jibu lilikuwa la heshima na halikuahidi kitu. Anayepanga kwenda ayadai mambo hayo kaunta kabla ya kulipa, kwa kuwa stakabadhi ikishatoka kila kipimo cha nyongeza kinatozwa kwa bei ya rejareja, na foleni inaanza upya.