Uzoefu Wangu: Magofu na Maziwa ya Killarney, Kusini Magharibi mwa Ireland

Kwa msomaji anayepanga likizo Ireland na anayependa majengo ya kale kuliko maduka, ushauri wangu ni kwamba aende Killarney, katika kaunti ya Kerry, alale huko, na ayafikie magofu kwa miguu, kwa baiskeli na kwa boti. Nasema hivyo kwa sababu mara ya kwanza nilifika huko na basi la kampuni moja ya watalii, lililotoka Dublin alfajiri na kurejea usiku, na muda tuliopewa kando ya ziwa ulitosha kupiga picha na kunywa chai tu. Ngome tuliiona kwa nje, na kisiwa chenye magofu ya watawa tulionyeshwa kwa kidole. Niliporudi nilipanda treni kutoka stesheni ya Heuston jijini Dublin, safari ya saa tatu na ushee ambayo mara nyingi humlazimu abiria kubadili treni pale Mallow, na ndipo nilipoelewa jinsi ziwa na magofu yake yanavyotegemeana.

Killarney ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza kuanzishwa Ireland. Chimbuko lake ni shamba kubwa la Muckross, ambalo familia ya Bourn ya California ilimnunulia binti yao, Maud, alipoolewa na Arthur Vincent. Maud alifariki mwaka 1929, na mwaka 1932 mume wake na wazazi wake walilikabidhi shamba hilo kwa taifa kwa kumbukumbu yake. Leo hifadhi ina zaidi ya hekta 10,000 na maziwa matatu yanayoungana, yaani Lough Leane, Muckross na Ziwa la Juu. Hakuna kiingilio, mtu huingia kwa miguu akitokea mjini.

Nilianza na Ross Castle, ngome iliyo ukingoni mwa Lough Leane, kilomita mbili hivi kutoka mjini. Ni nyumba ya mnara iliyojengwa na ukoo wa O'Donoghue mwishoni mwa karne ya 15. Ndani mtu huingia na mwongozaji, kwa tiketi ya bei nafuu, na huduma hiyo naisifu bila kusita, kwa sababu mwongozaji wetu hakukariri tarehe tu, bali alituonyesha jinsi jengo lenyewe lilivyopangwa kwa ajili ya vita. Ngazi ni nyembamba na hupanda kwa kuzunguka kuelekea kulia, ili anayelinda akiwa juu apate nafasi ya kuuzungusha mkono wake wa upanga, huku anayepanda akibanwa na nguzo ya katikati. Vidato vyake havilingani urefu, vingine vya kawaida na vingine vya juu kidogo, na mguu wangu uliligundua jambo hilo kabla sijaelezwa: mgeni anayekimbia gizani hujikwaa, na mwenyeji aliyevizoea hajikwai.

Kisa cha mwaka 1652 ndicho kinachoifungamanisha ngome hii na maji. Majeshi ya Oliver Cromwell, kiongozi wa Kiingereza aliyeivamia Ireland, yakiongozwa na Jenerali Ludlow, yalikuta ngome imezungukwa na ziwa na matope, na inasimuliwa kwamba walinzi waliamini utabiri wa zamani uliosema ngome haitatekwa mpaka meli za kivita zielee ziwani. Ludlow akaagiza boti ziletwe kupitia mto Laune, na zilipoonekana majini walinzi wakasalimu amri. Nilipokuwa dirishani juu, nikitazama njia ambayo boti zile zilipitia, kisa hicho kilinikaa moyoni kuliko maandishi yoyote ningeyasoma. Ziwa lile lile lililowalinda ndilo lililomfungulia adui njia.

Wageni wengi huondoka hapo na kurudi mjini, jambo ambalo naliona ni hasara kubwa, kwani hatua chache nyuma ya ngome, kwenye rasi iitwayo Ross Island, kuna machimbo ya shaba ambayo wanaakiolojia wameyathibitisha kuwa yalianza kutumika takriban mwaka 2400 kabla ya Kristo. Hayo ni miongoni mwa machimbo ya shaba ya kale kabisa yanayojulikana kaskazini magharibi mwa Ulaya. Wachimbaji waliwasha moto juu ya mwamba ili upasuke, kisha wakaupondaponda kwa nyundo za mawe. Njia ya kutembea imewekwa vizuri, mbao za maelezo zinasomeka, na nilikuwa karibu peke yangu.

Kilele cha safari yangu, hata hivyo, kilikuwa kisiwa cha Innisfallen. Boti ndogo zisizo na paa huondoka kwenye gati lililo kando ya ngome wakati wa majira ya joto, hali ya hewa ikiruhusu, na mwendesha boti niliyempata alitaka malipo taslimu na akatugawia jaketi za kuokolea kabla hajawasha injini. Monasteri iliyokuwa hapo, ambayo mapokeo humtaja Mtakatifu Finian kuwa mwanzilishi wake, ilianza zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Humo ndimo watawa waliandika kumbukumbu za mwaka kwa mwaka zijulikanazo kama Annals of Innisfallen. Mwandishi wa kwanza alikusanya habari za kale mnamo 1092, na wengine wakaendelea baada yake, kizazi kwa kizazi. Hati yenyewe sasa imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford, na mimi naamini ingependeza kama kisiwani pangewekwa walau nakala ya ukurasa mmoja, ili mgeni auone mwandiko mahali ulipoandikwa.

Karibu kabisa na maji kuna kanisa dogo la karne ya 12, na mlango wake wa tao ndio uliofanya nikose kuisikia boti ikipuliza honi. Jiwe limeliwa na mvua kiasi kwamba, ukiwa mbali, tao linaonekana tupu. Lazima mtu asogee na asubiri jua liegemee upande ndipo michongo ianze kujitokeza, mstari baada ya mstari. Kasoro ninayoiona ni kwamba maelezo yaliyopo kisiwani ni machache mno kwa mahali penye uzito huu, hivyo msomaji ajisomee kabla ya kuvuka. Na akubaliane vizuri na mwendesha boti kuhusu saa ya kurudi, kwani saa moja haitoshi.

Kwa Muckross Abbey nilikodi baiskeli mjini, na barabara ya kilomita chache ni tambarare na salama, kwa kuwa sehemu kubwa hupita ndani ya hifadhi, mbali na magari. Wapo pia waendeshaji wa magari ya farasi wanaosubiri abiria kwenye lango. Ni watu wa maneno mengi na visa vingi, ila bei iulizwe kabla ya kupanda. Nyumba hii ya watawa Wafransisko ilianzishwa mwaka 1448, ikavamiwa zaidi ya mara moja, na wakazi wake wakafukuzwa katika vita vya Cromwell. Paa limetoweka, lakini kuta zimesimama kwa urefu wake wote, na mtu huweza kupita jikoni, chumba cha kulia na bweni akajua kila kazi ilifanyika wapi. Kuingia ni bure.

Katikati ya jengo kuna ua mdogo wa mraba uliozungukwa na ukumbi wa matao, mengine yamechongoka juu na mengine ni ya duara, na katikati ya ua huo umesimama mti mmoja mkubwa wa yew ambao wenyeji husema una umri sawa na jengo. Shina lake limejisokota kama kamba ya nanga, na matawi yake yamepita urefu wa kuta, hata mchana ukumbi unakuwa na giza la kijani. Mti huo hauko hapo kwa bahati tu, kwa maana ng'ambo kidogo, katika Reenadinna, miti ya aina hiyo imeota msitu mzima juu ya mwamba wa chokaa, mizizi ikiwa imeushika mwamba usio na udongo. Misitu ya namna hiyo imebaki michache sana Ulaya. Inasikitisha kuona jinsi vichaka vya rododendroni, vilivyoletwa kama mapambo ya bustani, vinavyozinyima miche ya mialoni mwanga katika maeneo mengine ya hifadhi.

Maporomoko ya Torc nayapita kwa haraka. Ni mazuri, lakini yamejaa watu kuanzia saa nne asubuhi. Ningependa zaidi mtu aende mpaka mahali maji ya maziwa matatu yanapokutana, karibu na daraja la zamani la mawe, na akitulia anaweza kuwaona kulungu wekundu, ambao kundi lao la hapa ndilo la asili lililosalia Ireland.

Kuhusu maandalizi, wasomaji walioko Tanzania na Kenya wajue kwamba Ireland haimo katika eneo la Schengen, hivyo viza ya Ufaransa au Ujerumani haitawasaidia, na ombi la viza ya Ireland lipelekwe mapema. Miezi ya Mei hadi Septemba ndiyo inayofaa, kwa kuwa ngome kwa kawaida hufungwa wakati wa baridi na boti hupungua. Jaketi la mvua ni lazima hata mwezi wa Julai. Mwenye maumivu ya magoti asijilazimishe kupanda ngazi za Ross Castle, kwani hakuna njia nyingine ya kufika juu. Ghorofa ya chini ya Muckross Abbey haina ngazi hizo, na ua wenye ule mti unafikika bila kupanda popote.